Uzinduzi wa Jumba la Chupa ya Umoja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru na ambaye kwa hiyo nafasi yake naikaimu mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Maisha wa Jumuiya ya Waonjaji na Walinganishaji wa Wiski, ambaye pia ni mimi. Mheshimiwa Katibu, Daktari wa Meno, mwenye ulimi uliosomeshwa ng'ambo. Mwalimu wa Kwaya, mlezi wa sauti zetu na mkosoaji wa pua zetu. Mzee wetu Fundi Saa, ambaye kesho anapanda basi kwenda kuishi kwa binti yake na ambaye leo tunamuaga. Shemeji yangu mpendwa, dada wa mke wangu, mwenye sebule hii. Mama mkwe, ambaye yuko jikoni lakini anasikia. Wadau, wabia, na ninyi wawili mliokuja mkidhani ni kikao cha ukoo: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya wastani. Shemeji: "Na viatu mvue mlangoni!")

Ahsanteni, ahsanteni, kaeni. Waliokosa viti wakalie mkono wa sofa, lakini si ule wa kushoto, kwa kuwa ule wa kushoto uko kwenye mpango wa ukarabati wa muda wa kati.

Ndugu zangu, nimesimama mbele yenu si kama Naibu Mkurugenzi Msaidizi wa Idara ya Maji, Kitengo cha Mita na Mivujo, cheo ambacho sipendi kukitaja na ambacho mtakikuta kimeandikwa kwenye kadi niliyoweka juu ya kila kiti, bali kama mtumishi wenu mnyenyekevu, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa usio na mfano katika ukanda huu aliota ndoto, akaifanyia fizibiliti stadi, akaipeleka kwenye wokshopu ya wadau, akaijengea uwezo, na leo hii, nyuma ya pazia hili la maua mnaloliona, ameikamilisha kwa asilimia mia moja na nne. (Makofi. Sauti: "Hizo nne zimetoka wapi?") Hizo nne, ndugu yangu, ni uzalendo.

Kabla sijaliondoa pazia na kukata utepe huu uliofungwa kati ya friji na kitasa cha mlango wa chooni, kanuni zetu zinanitaka nisome Ripoti ya Uonjaji ya kipindi kilichopita, kwa maana sisi si walevi, ndugu zangu, mlevi anakunywa na kusahau, sisi tunakunywa na kuwasilisha. (Vigelegele. Mwalimu wa Kwaya anasimama, anaketi.)

Katika kipindi hicho, Katibu wetu Daktari wa Meno alionja wiski ya kisiwa chenye ukungu, ambayo shayiri yake imekaushwa kwa moshi, akaripoti kwamba ni kama kulamba plasta ya jeraha iliyookolewa kwenye nyumba inayoungua, na akaipa alama tisa kwa kumi. Mwalimu wa Kwaya alionja iliyolazwa kwenye pipa la mvinyo, akapata zabibu kavu, kabati la bibi na, kwa mbali sana, kitabu cha nyimbo kilichonyeshewa. Akaipa nane, akapunguza moja kwa sababu ilimpandisha sauti nusu nzima Jumapili asubuhi. Wawili hao walipobadilishana glasi ili kulinganisha, kila mmoja alisema ya mwenzake ni dawa ya kuua kunguni, wakanuniana kwa majuma mawili, na hapo ndipo mnapoona, ndugu zangu, jinsi sekta hii inavyohitaji uongozi. Shemeji naye, kwa upande wa jamii isiyokunywa, alinusa zote mbili akasema zinanuka spiriti ya kusafishia sindano. Maoni yake tumeyapokea. (Shemeji: "Mmepokea na bado mmejaa sebuleni kwangu!")

Sasa naingia kwenye kiini. Wapo humu wageni wasiojua Chupa ya Umoja ni nini, na mimi si mtu wa kumwacha mgeni gizani. Ni desturi yetu kwamba kila mwanachama anapomaliza chupa yake, asilimalize funda la mwisho. Analileta. Analimimina kwenye chupa moja kubwa ya wote, ya moshi kwa ya zabibu, ya mzee kwa ya kijana, na chupa hiyo haionjwi mpaka siku ya jambo kubwa. Chupa hiyo nilikabidhiwa mimi, ili niilinde, mpaka lijengwe Jumba lake: chumba chenye rafu za mbao, glasi zimepangwa, taa ya manjano, mahali ambapo mtu mzima anaweza kuonja na kulinganisha bila kuulizwa na mtu atatoka saa ngapi. Mbao mlileta. Misumari mlileta. Mabati mlileta, ingawa sikuwahi kuelewa rafu zinataka mabati ya nini, lakini kwa kuwa mlikwisha kuyaleta, sikuwakatisha tamaa. (Minong'ono. Sauti: "Tuonyeshe sasa!") Subira, ndugu zangu. Ukiona vyaelea, vimeundwa. (Shemeji: "Na njia ya mwongo ni fupi.") Ahsante, Shemeji, kwa mchango huo wa kifasihi.

Katika chupa hiyo, na hapa naomba tuvue kofia, limo funda la mwisho la marehemu Kinyozi, mwasisi wa Jumuiya hii. Ninyi nyote mnajua kibanda chao: chumba kimoja, upande huu kioo na kiti cha kunyolea, upande ule meza ya saa na lenzi ya jichoni, na Kinyozi na Fundi Saa wakibishana kutwa nzima, huyu akisema wiski nzuri ni ile inayouma, yule akisema ni ile inayongoja. Kinyozi alipougua, akiwa kitandani, aliagiza chupa yake iletwe, akakataa kunywa kilichobaki, akasema kipelekwe kwenye ya wote, ili siku Fundi Saa akihama mji wanywe pamoja kwa mara ya mwisho, yeye akiwa humo ndani. (Mwalimu wa Kwaya anapenga kamasi.)

Mzee Fundi Saa, najua ulichokifuata hapa leo. Hukuja kwa ajili ya hotuba. (Fundi Saa: "Kweli kabisa.") Umekuja kumwonja rafiki yako. Na mimi, mlinzi wenu, nasema: mimina! (Chupa kubwa inaletwa mezani. Kelele. Glasi zinagongana.)

Kila mmoja apate. Inueni kwenye mwanga. Tazameni rangi hiyo! Ni rangi ya kahawia iliyokomaa, inayotokana na utawala bora. Nuseni. Sasa onjeni, na mtoe fidibeki, kwa mpangilio, tukianza na Katibu.

(Daktari wa Meno, macho yamefumbwa: "Napata ngozi. Ngozi ya kiti kipya. Na tanini, ule ukakasi wa pipa, tena pipa la zamani sana.") Andikeni hilo! (Mwalimu wa Kwaya: "Mimi napata majani makavu. Napata vilima, kuna baridi, asubuhi.") Vilima, ndugu zangu! (Daktari wa Meno: "Na haiunguzi kabisa! Sijawahi kukuta wiski laini kiasi hiki.") Ulaini huo ni matokeo ya usimamizi wa karibu, kwa maana kila jioni, baada ya kazi, nilikuwa nikiifanyia chupa hii ufuatiliaji na tathmini, mimi peke yangu, bila posho. (Makofi mazito. Mwalimu wa Kwaya: "Apewe medali!") Sistahili. Lakini kama kamati itaona inafaa, nina shati lenye mfuko imara.

Mzee Fundi Saa, wewe umenyamaza. Ulimi wako ndio mkubwa kuliko zote humu. Tuambie, umemkuta?

(Fundi Saa anaonja tena, polepole. "Mwenyekiti, hii ina tangawizi.")

Naam. Tangawizi. Hilo ni swali zuri, ingawa si swali. Kitaalamu, mapipa yakilazwa jirani na shamba la tangawizi, kwa miaka mingi, pepo zikivuma kutoka upande unaotakiwa, kunakuwa na kitu kinaitwa mwingiliano wa kisekta. (Fundi Saa: "Na sukari.") Sukari ni ya asili, inatoka kwenye nafaka. (Mama mkwe, kutoka jikoni: "Nani kachukua birika langu la chai? Nimeliacha hapa limejaa!")

Tuendelee na ajenda. (Sauti nyingi. Daktari wa Meno anatazama glasi yake, kisha anaitazama dari. Sauti kutoka nyuma: "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji!") Ahsante kwa methali hiyo, na kama mtu wa Idara ya Maji naipokea kama pongezi, isipokuwa niweke rekodi sawa kwamba hapa hakuna aliyetia maji, maji matupu yangeonekana. (Vurugu. Mwalimu wa Kwaya: "Umemnywa Kinyozi! Jamani, amemnywa Kinyozi!") Mwalimu, utaratibu! Neno "umemnywa" ni zito. Tuseme mwasisi alitumika kabla ya muda, katika awamu ya majaribio.

Mzee, mbona unasimama? Mzee, kaa, basi lako ni la kesho. Ndugu zangu, kwa wale walio nyuma wasioona, naomba niwaarifu kwamba Fundi Saa ametia mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, na ametoa kichupa kidogo, kama vile vya mafuta ya kulainishia saa, na anakifungua. Harufu hiyo. Subirini. Harufu hiyo naijua.

(Fundi Saa: "Kinyozi aliniambia nimpe Mwenyekiti nusu tu. Akasema, nusu nyingine ibaki kwako, kwa sababu kichwa cha Mwenyekiti nimekinyoa mwenyewe, nakijua mpaka ndani.")

(Kicheko. Kicheko kirefu. Mama mkwe naye anacheka jikoni.)

Mnacheka. Chekeni, ni haki yenu ya kikatiba. Naendelea kuwaarifu: kichupa kinapita. Daktari wa Meno amepata tone kwenye ulimi na kwa mara ya kwanza hana maelezo. Mwalimu wa Kwaya amepata tone, analia waziwazi, hata pua hafuti. Wale wawili wa kikao cha ukoo nao wamepewa, jambo ambalo kiutaratibu ningelihoji. Fundi Saa amebakiza la kwake, amelinywa akiwa amesimama, amefumba macho, na anasema, nanukuu, "Bado unauma, mshenzi wewe." Kichupa sasa kinakuja upande wa meza kuu. Kinakuja. Kimenipita. Kimekwisha.

Mzee wangu. Hapa naweka karatasi pembeni. Na mimi nilimpenda. Alininyoa siku ya harusi yangu, mimi situlii kwenye kiti, yeye ndiye ananishika bega ananiambia, tulia bwana, ni nywele tu. Siku ya tatu baada ya kumzika nilifika nyumbani nikaiona chupa pale juu ya kabati, nikasema naonja kidogo tu, nimsikie. Kesho yake vivyo hivyo. Basi hata nikinuse tu, mzee.

(Fundi Saa anakitikisa kichupa kitupu. Anampa kifuniko.)

Ahsante. Naripoti kwa Jumuiya kama ifuatavyo. Moshi. Sabuni ya kunyolea. Mafuta ya mashine. Na kitu kama mtu anayekucheka kwenye kioo. Alama, sitoi.

Narudi kwenye karatasi. Ndugu zangu, kabla ya kuhitimisha, nawaomba mnyanyuke kwa kaulimbiu yetu. Nikisema "Chupa moja," mnajibu "Ulimi mmoja!" Chupa moja! (Kimya.) Jumba letu! (Sauti: "Liko wapi?") Maendeleo! (Shemeji: "Toeni glasi zangu mkazioshe!")

Basi nishukuru. Namshukuru Shemeji kwa kutuazima sebule, ambayo tumeahidi kuirudisha kabla mume wake hajaingia. Namshukuru mama mkwe kwa birika, na kwa kukubali kutuhifadhia mbao, misumari na mabati ya Jumba nyuma ya nyumba yake, ambako vimehifadhiwa kwa kusimamishwa wima na kupigiliwa pamoja, na ambako hivi sasa wamo kuku wake kumi na mmoja, nao wamenituma niwafikishie salamu za pongezi kwa ujenzi bora. Naushukuru ukuta huu, ambao nikiliondoa pazia, hivi, mnaona wenyewe kwamba umepakwa rangi nzuri na hauna mlango. Naushukuru utepe, ambao sitaukata, kwa sababu ni wa gauni la mke wangu na ameniona.

Na wewe mzee Fundi Saa nakushukuru kwa kifuniko. Nenda salama. Nitakuja kukusindikiza kesho kituoni, na chochote nitakachokuja nacho, wewe ndiye utakayekishika.

Kwa mara ya mwisho, ndugu zangu, kwa nguvu! Chupa moja!

(Ukumbi mzima, Fundi Saa akiongoza: "Birika moja!")