Jinsi Simu za Upepo Zilivyochaguliwa Masumbwe

Sogeeni, enyi watu wa Shinyanga na Samuye, nanyi wa Geita mnaofukua dhahabu hata mkasahau kula! Wekeni chini majembe, punguzeni moto chini ya maharage, mfungeni yule mbuzi asije akatukatiza. Leo natoa habari ya safari, vita na ushindi, ushindi ambao haukumwaga damu, ila chai kidogo juu ya meza ya mzee Nassibu. Wala mimi si msimulizi wa kusikia kwa watu. Mimi ni Tabu binti Zamoyoni, mwalimu wa darasa la tatu. Nilikuwapo. Nilichukua maneno ya majemadari wawili, nikayapeleka kutoka kwa mmoja hadi kwa mwenzake, umbali wa mkono mmoja, mpaka koo likaniwasha.

Katika miaka ile ya sabini, mjini Shinyanga palikuwa na jeshi la wanawake. Jeshi lile halikuwa na mkuki wala ngao. Lilikuwa na khanga, viatu vya raba na sufuria. Kila Jumapili, wenzetu wa kanisani wakishatoka kanisani, lilitoka mjini likashika njia ya vilima vya mawe upande wa Samuye, kwa sababu moja tu, nayo ni kutembea, kupanda juu, kula na kurudi. Waume zetu walituuliza tunakwenda kutafuta nini huko. Tukawajibu kwamba hatutafuti kitu. Wakashindwa kuelewa, nasi tukaenda.

Mbele alitangulia Zipora, Mama Bujiku, mpima pamba wa chama cha ushirika, mwanamke mrefu kama mlingoti, ambaye hatua yake moja ilikuwa mbili zangu na ambaye hajapata kuonekana akihema. Nyuma, akiilinda hazina, alikuja Mwahija, Mama Sabiti, mwuza vitambaa wa sokoni, mpishi wa pilau ambayo harufu yake iliwahi kukatiza mkutano wa nyumba kumi, naye alimwongoza punda aliyebeba vyungu. Wawili hawa walikuwa majirani, na zaidi ya majirani. Ua wa minyaa uliwatenga, lakini katika ua ule walikuwa wametoboa tundu la kupitishia chumvi, ungo, na maneno yasiyowahusu wanaume.

Hata ikafika Jumapili ya msiba. Zipora, akiwa tayari mbali mbele, aligeuka akapaza sauti: "Mlima wa kushoto!" Upepo ukalichukua neno, na Mwahija akapokea lililobaki. Sisi tuliotangulia tukapanda mlima mmoja, pilau ikapanda mwingine. Tukaketi juu ya mawe, jeshi zima, matumbo yakinguruma, tukitazama bonde. Mara tukaona moshi ukipanda juu ya kilima cha ng'ambo, mwembamba, umenyooka.

"Mnaona?" akanena Zipora, na njaa ilikuwa imemkalia vibaya. "Anapasha moto nyama yetu. Huyu hakupotea. Kajificha na chungu."

Neno lile lilitangulia kufika mjini kuliko sisi. Jioni Mwahija alirudi na punda, chungu kikiwa kimejaa kama kilivyotoka, akalikuta neno limeketi barazani kwake likimngoja. Aliingia ndani, na kesho yake tundu la ua lilikuwa limezibwa kwa miiba ya mgunga.

Enyi wasikilizaji, nimeona ukame na nimeona nzige, lakini sijaona kitu kikavu kama kimya cha wanawake wale wawili. Kilidumu masika yote. Walipishana kisimani kama watu wa nchi mbili zisizo na mabalozi. Nasi jeshi tukawa tunatembea bila pilau, tukila mihogo mibichi, na wengine wakaanza kubaki nyumbani.

Ndipo wakubwa wa jeshi wakakutana nyumbani kwa Apolonia, muuguzi mstaafu, ambaye alisimama akasema: "Dada zangu, tatizo letu si miguu. Tatizo letu ni kwamba aliye mbele hasikiwi na aliye nyuma. Nasikia Masumbwe kuna mzee anauza simu za upepo, zile redio za kushika mkononi, mmoja anasema huku na mwingine anajibu kule. Tukanunue mbili. Moja iende na miguu, nyingine ikae na chungu."

Wote wakakubali. Kibali cha serikali kikaombwa na kikatolewa, maana hadithi hii si ya wahalifu. Lakini nani akachague? Mwahija alisema hataki kubebeshwa redio aliyoichagua mtu fulani. Zipora alisema hatapanda mlima na redio aliyoichagua mtu fulani. Basi ikaamriwa waende wote wawili, nami niende katikati.

Tukasafiri kwa basi. Kuanzia Shinyanga hata Kahama, na kuanzia Kahama hata Masumbwe, niliketi baina yao kama mpaka.

"Mwalimu," akasema Zipora, akitazama dirishani, "mwulize mama huyo kama ana maji."

"Mama Sabiti, unaulizwa kama una maji."

"Mwambie ninayo. Mpe."

Chupa ikapita mbele ya pua yangu, ikaenda, ikarudi. Hakuna aliyesema asante, ila mimi, nilisema kwa niaba ya pande zote.

Duka la mzee Nassibu lilikuwa kando ya soko. Alikuwa mtu mwenye kofia ya kazi ya mkono na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Baba yake alitoka pwani na mali begani, mama yake alikuwa Msumbwa wa palepale. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatuagizia chai. Kisha akazipanga juu ya meza jozi tatu za simu za upepo, akarudi nyuma hatua moja, akanyoosha mikono.

"Mama zangu," akatangaza, "mko mbele ya silaha. Tazameni."

Jozi ya kwanza ilikuwa ya kifalme. Ilivaa mfuko wa ngozi, ilimetameta pembeni, na waya wake wa kukamata mawimbi ulipovutwa ulitoka, ukatoka, ukaendelea kutoka, hata ukakigonga kikombe cha chai kikamwagika. Zipora aliitazama kama mtu aliyeona mwenzake wa kimo.

Jozi ya pili ilikuwa ndogo, nyepesi, ya rangi ya chungwa. Mwahija akaipima kiganjani. "Mwambie mwenzako," akaniambia, "mimi nabeba sahani, mwiko na punda. Hii haitanichosha."

"Mwambie," akajibu Zipora kabla sijageuza shingo, "kichezeo cha watoto hakivuki bonde."

Jozi ya tatu hawakuitazama. Ilikuwa ya kijivu, nzito kama tofali, imekwaruzwa kila upande na imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mzee Nassibu alisema ilitoka kwa wapima miamba waliokuwa wakitafuta dhahabu maporini huko Geita, ambao walipokwenda zao waliuza kila kitu, hata vitanda. "Hizi zinatumia betri za tochi," akaongeza. "Betri mnazonunua hata kijijini. Lakini simu hazichaguliwi kwa macho. Mmoja abaki hapa, mwingine apite nyuma ya kilima kile cha mawe, tusikie."

Zipora akajitwika kazi ya kwenda, maana ndiye mwenye miguu. Mwahija akaketi kwenye gunia la mchele. Nami nikaishika redio ya dukani, nikapewa sheria ya vita: ukitaka kusema, bonyeza kidude hiki, ukibonyeza, mwenzako hawezi kusema, anasikia tu, ukimaliza, sema "ova", uachie, usikie wewe.

Tukaijaribu ya kifalme. Zipora akatokomea, waya ukitingishika juu ya kichwa chake kama bendera. Tukangoja. Redio ikatoa sauti ya mahindi yanayokaangwa. Nikaita kwa jina, nikaita kwa heshima, nikaita kwa Kisukuma. Mahindi yakaendelea kukaangwa. Mzee Nassibu akafungua mgongo wa redio akaona betri ya mraba imechoka, na akakiri kwamba betri ya namna ile haijaonekana madukani tangu mwaka juzi. Hivyo mfalme akaanguka.

Tukaijaribu ya chungwa. Hii ilisema vizuri sana. Ilisema vizuri mpaka mwisho wa soko, ikasema vizuri mpaka kwenye mashine ya kusaga. Lakini Zipora alipoyapita mawe ya kwanza, sauti yake ilikatika katikati ya neno. Tulimwona akirudi amekunja uso.

Ikabaki tofali. Zipora akaichukua, akaenda tena. Nami nikaishika mwenziwe, nikangoja.

"Mwalimu," redio ikanguruma mkononi mwangu, sauti nzito na safi kana kwamba amesimama nyuma ya gunia, "nimefika nyuma ya mawe. Mwambie mama huyo kwamba hii inafika. Ova."

Mwahija alikuwa hatua moja kutoka kwangu. Alikuwa amesikia kila neno. "Mwambie nimesikia," akasema.

Ndipo mimi Tabu, mjumbe mtiifu, nilipochoka. Sikukasirika; koo lilikuwa limekauka tu. Nikaiweka redio mapajani mwa Mwahija, nikamwambia, "Mama Sabiti, mwambie mwenyewe," nikaenda kusimama mlangoni.

Mwahija akaitazama ile redio kwa muda mrefu. Mzee Nassibu akaacha kufuta meza. Watu wawili waliokuja kununua sabuni wakasahau sabuni. Kisha kidole gumba cha Mwahija kikapanda, kikashuka juu ya kidude, kikabonyeza.

"Mama Bujiku," akasema. Tangu masika hakuwa amelitaja jina lile. "Siku ile nilianguka. Nilipanda mlima nikidhani mko juu, nikateleza kwenye jiwe, kifundo cha mguu kikavimba kama papai. Punda alisimama pale, mimi nikakaa chini. Nikawaona ng'ambo, wadogo kama kunguru. Nikaita mpaka sauti ikaisha. Nikawasha moto ili muuone mje. Nikaweka majani mabichi utoe moshi. Nikasema, Zipora ana macho, Zipora atauona. Ukauona. Ukasema napasha nyama." Kisha akasema kwa sauti ndogo zaidi, "Sikula hata punje moja. Chungu kilirudi kimejaa, wala hakuna aliyekifunua."

Hapo akamaliza. Lakini hakusema "ova", wala kidole hakikuondoka. Alikibana kidude mpaka kucha ikawa nyeupe, na wakati wote alipokibana, mwanamke yule nyuma ya mawe hakuweza kutoa neno, si la kujitetea, wala la toba.

"Achia, mama," mzee Nassibu akasema polepole. "Atakujibu vipi?"

"Najua," akasema Mwahija, na hakuachia.

Wako watu waliosimama mbele ya simba, na sifa zao zimeenea. Mimi nasema mbele yenu kwamba sijaona ujasiri kama ule niliouona pale juu ya gunia la mchele. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Akafumba macho. Akainua kidole.

Redio ikakoroma. Ikakoroma tena. Mwenye kutaka sabuni akakohoa, mwenzake akamfinya.

"Mama Sabiti," ikasema sauti, na sauti ile haikuwa ya mpima pamba. "Mguu umepona? Ova."

Mwahija akabonyeza. "Umepona. Unauma wakati wa mvua. Ova."

"Mvua ya juzi uliuma? Ova."

"Uliuma. Ova."

Kisha: "Moshi ule niliuona, mayo, mama yangu. Niliuona nikausema vibaya, na niliusema mbele za watu. Jumapili nitasimama mbele za watu walewale niufute. Kama utanipa nafasi. Ova."

Mwahija akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akabonyeza, akasema kwa ukali wa mpishi mkuu: "Rudi kwanza unywe chai, inapoa. Ova."

Naam, tukalitwaa tofali, na betri zake, na mpira wake wa baiskeli. Zipora akaonekana akishuka kutoka kwenye mawe, redio sikioni, akisema. Akapita mashine ya kusaga, akisema. Akaingia dukani, akaketi kwenye gunia moja na Mwahija, bega kwa bega, naye bado anasema, na Mwahija anajibu, kila mmoja akiachia kidude kwa adabu na kumngoja mwenzake afike "ova". Walisimuliana habari za masika yote: nani kazaa, nani kahama, bei ya pamba, mbuzi aliyekula daftari la mwanangu. Mzee Nassibu aliwasihi wazitunze betri. Hawakumsikia, kwa kuwa hakuwa na redio.

Basi na litangazwe kuanzia Buseresere hata Samuye, na wanaopenda kuandika tarehe za wafalme waiandike na hii: kwamba siku hiyo, pale Masumbwe, mbele ya mashahidi wawili wenye haja ya sabuni, Mwahija Mama Sabiti aliinua kidole chake gumba kutoka kwenye kidude. Betri ziliisha kabla hatujafika Kahama. Wakaendelea kuongea bila redio, nami nikahamia kiti cha nyuma, nikalala.