Ushauri Wenu wa Injini za Baiskeli Umeniponza

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Mnunuzi Mwerevu,
Gazeti la Jumamosi.

Ndugu Mhariri,

Natanguliza heshima mbele, malalamiko yanafuata nyuma. Natumaini u mzima, na wote wanaokusaidia kupanga herufi ni wazima. Mimi ni mzima isipokuwa magoti, na hayo magoti ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Kwanza ujue unaandikiwa na nani. Mimi ndiye Mjomba Spidi, msambazaji wa mikate kwa baiskeli. Mtaani kwetu hata mtoto anayetambaa ukimuuliza atakunyooshea kidole kwangu. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu mwalimu aliishiwa cha kunifundisha. Baiskeli yangu ni ya chuma cha zamani, si hizi za siku hizi zinazopinda ukizitazama kwa jicho kali. Imewahi kubeba kabati la milango mitatu, na ndani ya kabati alikuwamo shangazi wa bwana harusi, kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha na yeye ndiyo kwanza ametoka kusuka. Tulifika kabla ya gari la maharusi, na nywele zake hazikupata hata tone.

Kazi yangu ni kuchukua mikate ikiwa moto kwa Mama Tanuri, mwenye kiwanda cha mikate nyuma ya stendi, na kuipeleka shule ya bweni iliyo juu ya kilima. Zamani kilima kile nilikipanda huku napiga mluzi. Siku hizi kimeongezeka urefu, sijui nani ameruhusu. Mikate inafika imepoa. Basi Mama Tanuri akaniita kando ya meza ya kukandia unga, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko, akaniambia, "Mjomba, nakuheshimu kama kaka yangu wa tumbo moja. Lakini mkate ukifika baridi si mkate tena, ni tofali. Mwisho wa mwezi kama hujapata namna, kazi nampa yule kijana wa pikipiki."

Nikamjibu bila kupepesa kwamba injini ya kufunga kwenye baiskeli nilishaiagiza mtandaoni zamani, iko njiani. Akafurahi. Mimi nikatoka mbio kwenda kutafuta inakouzwa.

Hapo ndipo gazeti lenu lilipoingia maishani mwangu. Mlikuwa mmeandika makala ya namna ya kuchagua duka la mtandaoni la injini za baiskeli na vipuri vyake. Niliifuata neno kwa neno, na neno kwa neno ikanimaliza. Malalamiko yangu nayapanga kama ifuatavyo:

1. Mlisema mnunuzi aipime baiskeli yake kabla ya kuagiza. Nikapima. Ule uwazi wa fremu, pale injini inapokaa, ni shubiri mbili na vidole vitatu. Bomba la chini ni unene wa dole gumba langu na nusu yake. Vipimo hivyo nikavipeleka duka la kwanza kwa maandishi safi. Wakajibu kwamba wanataka milimita. Nikawauliza milimita ni kidole cha nani. Kwa uungwana nikawatumia picha ya mkono wangu, mbele na nyuma, wapime wenyewe huko huko waliko. Mpaka leo kimya, na mkono wangu uko kwao. Mke wangu ni fundi cherehani, kutwa ana futi ya kamba shingoni. Akasema, "Si useme nikupimie?" Nikamweleza kwa upole kwamba futi ile ni ya magauni, na injini haivai gauni.

2. Mlisema tusome maoni ya waliotangulia kununua. Mhariri, mbona hamkututahadharisha kwamba mle ndani ni matanga matupu? Mmoja injini ilimzimikia katikati ya daraja. Mwingine mnyororo uliruka ukamla suruali mpya siku anakwenda kujitambulisha ukweni. Mama mmoja plagi ilichomoka ikampiga jogoo wa jirani, na mpaka leo majirani wale hawasalimiani. Mimi nimelelewa, siwezi kupita msibani kama sijaona. Nikaanza kumwandikia kila mmoja pole yake, tena pole ndefu, nikianza na wa kwanza nikishuka mpaka wa mwisho.

Kwa pole hizo wakanipenda. Wakauliza, "Na wewe Mjomba, injini yako vipi?" Sasa mtu mzima, mbele za watu wenye huzuni, utajibu kwamba huna? Nikasema yangu ni ya miaka mingi na haijawahi hata kukohoa. Wakaanzisha kundi kwenye simu wakanichagua mwenyekiti bila kupingwa. Leo watu wa nchi nisizozijua wananiuliza kabureta ikivuja inafanywaje. Nawajibu, "Ipumzishe kivulini, kisha iwashe kwa upole." Nasikia kuna zilizopona. Lakini tazama mtego mlionitegea: mwenyekiti hawezi kuwauliza wanachama wake injini inanunuliwa wapi. Nimekalia kisima na koo limekauka.

3. Mlisema tumuulize muuzaji maswali kabla ya kununua. Ushauri huo ni mbaya kuliko wote, kwa sababu hamkusema lolote kuhusu salamu. Niliandikia duka la pili: habari za asubuhi, habari za nyumbani, habari za kazi, watoto hawajambo? Jibu likaja, "Ipo. Unataka ngapi?" Mhariri! Mtu anayekuuzia injini bila kujua umeamkaje, siku injini ikifa atakuja kukupa mkono wa pole? Nikaachana nao.

Duka la tatu ndilo lililonipata. Muuzaji akaitikia salamu zote, akarudisha na zake, akauliza mama watoto hajambo, akauliza kazi, akauliza magoti. Nikajisemea hapa nimefika. Tukaandikiana kila siku kama ndugu waliopotezana. Wiki ya pili nilipomgusia habari ya injini akashangaa sana, akasema yeye anauza magodoro. Namba nilikuwa nimeikosea tarakimu ya mwisho. Ni mtu mwema kupita kiasi, ameyaombea magoti yangu, na mwanawe akioa nimealikwa. Lakini godoro, Mhariri, halipandi kilima.

4. Mlisema tuchague duka lenye vipuri vingi na linalokubali kurudishiwa mzigo usiofaa. Hapa ndipo nilipowashtukia. Muuzaji anayejaza rafu vipuri si anakiri mwenyewe kwamba injini yake itavunjika? Huyo ni mkunga anayeingia chumbani na sanda kwapani. Na anayesema "usipoipenda rudisha" ameshajua hutaipenda. Kwa akili yangu, ambayo niliwaeleza hapo juu mwalimu alivyoishindwa, nikatafuta duka lisilo na kipuri hata kimoja, lisilopokea mzigo uliorudi, lisilo hata na anwani. Nikalipata. Nikalisifu kwa kujiamini. Nikaagiza.

Mzigo ulipofika ulikuwa na tangi la mafuta, tupu, pamoja na stika kubwa yenye picha ya ndimi za moto. Injini hakuna. Nikawaandikia, hawakujibu, na kwa kweli hawakuwahi kuahidi kujibu.

Sasa Mama Tanuri alikuwa ameshasikia kwamba mzigo umefika, mtaa mzima ulikuwa umesikia, maana niliwasikilizisha mimi mwenyewe. Ningefanyaje? Nikalifunga tangi. Nikabandika stika. Asubuhi yake nikapakia mikate, nikatoka pale kiwandani huku nanguruma kwa mdomo. Nilinguruma vizuri, sijisifu, mbwa wawili walinikimbiza. Wakandaji unga wakatoka nje wakapiga makofi. Lakini kunguruma huku unapanda kilima kunakula pumzi ya watu wawili. Nilipofika kwenye kona nilikuwa nimebaki na mlio wa pikipiki inayokata roho, na yule kijana wa pikipiki yenyewe akanipita polepole, akainua miguu yake juu, akaniuliza, "Mjomba, nikuazime petroli?" Mikate ikafika baridi. Mwalimu wa zamu aliugonga mmoja mezani, ukalia ko ko.

5. Mwisho, na hili ndilo lililonitoa machozi, mlisema mnunuzi asifanye haraka. Mhariri, wewe una Jumamosi nyingine na nyingine tena. Mimi nina mwisho wa mwezi, na umeshafika kizingitini unabisha hodi. Mama Tanuri kanitazama jana kwa macho ya huruma, na macho hayo mimi nayajua, ndiyo aliyomtazama nayo punda wa kubeba unga kabla hajanunua gari. Kazi hii ndiyo iliyonipa jina. Wakimpa kijana, mimi nitaitwa Mjomba nani? Mjomba Kaa Chini?

Kwa sababu hizo nadai haya. Gazeti liombe radhi ukurasa wa mbele, kwa herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Tena liape kwamba halitatoa ushauri wa kununua kitu chochote, iwe injini, iwe kijiko, mpaka dunia ikunjwe, kwa kuwa ushauri ulioandikwa haujawahi kumfikisha mtu popote. Na mpaka hapo nitakapopata injini, wewe Mhariri mwenyewe, kwa miguu yako iliyotulia chini ya meza, uje kila asubuhi ushike nyuma ya baiskeli yangu usukume. Chai utakunywa kwetu. Mikate usiguse, imehesabiwa.

Wasalimie waandishi, wachapaji, mlinzi wa getini, anayefagia, na mchora katuni, mwambie pua alizochora wiki iliyopita zilikuwa kubwa mno. Nyumbani kwangu wote wanakusalimu, muuza magodoro anakusalimu, na kundi zima ninaloliongoza linakupa pole kwa barua hii.

Ni mimi niliyeumizwa lakini sijavunjika,

Mjomba Spidi,
Msambazaji Mkuu wa Mikate na Mwenyekiti.

Nyongeza: Barua hii ilichelewa juu ya cherehani ikingoja stempu, na hapo katikati mke wangu akaichukua ile makala yenu akaisoma. Akapima fremu kwa futi yake ya magauni. Akasoma maoni, hakumpa mtu pole. Akamuuliza muuzaji maswali mawili tu, kama vipuri vipo na kama mzigo usipokaa utapokelewa, akasema ahsante. Injini imekuja, imekaa kama vile baiskeli ilizaliwa nayo. Juzi aliijaribu yeye mwenyewe mpaka juu ya kilima, mikate ikafika inatoa moshi, na mwalimu wa zamu aliungua ulimi. Mama Tanuri kazi hakumpa kijana. Kampa mke wangu. Mimi nimepandishwa cheo: nakaa nyuma juu ya kibebeo, nimekumbatia kreti la mikate lisianguke. Sasa, Ndugu Mhariri, kibebeo chenyewe ni chuma kitupu na kile kilima kina mashimo. Jumamosi hii naomba sana muandike namna ya kuchagua duka la mtandaoni la mito ya kukalia. Andikeni kila kitu, msifupishe. Mke wangu amesema atanisomea.