Suti ya Mpira Juu ya Mti wa Argani

Jumanne, 10 Septemba

Lalla Tuda, mwenye shule ya kuteleza mawimbini hapa Taghazout, anataka mwalimu mmoja tu. Jaribio ni Jumamosi: kukaa majini asubuhi nzima na wageni. Tuko wawili, mimi na Bihi mwana wa mwoka mikate. Nikishindwa, Mama ananipeleka Casablanca nikauze dengu na sabuni dukani kwa mjomba. Mjomba ameshatuma aproni. Ya buluu! Siivai ng'o.

Ninayo suti ya mpira ya kuvalia majini, unene wake milimita mbili. Ndiyo yenyewe kwa Septemba, bahari ikiwa vuguvugu. Bihi ana ile nene tu ya Februari, wakati maji yanang'ata mifupa. Nimeshinda kabla sijalowa.

Jumatano, 11 Septemba

Bihi kaja kuazima suti yangu, eti dakika mbili tu. Dakika mbili za Bihi nazijua. Aliazima baiskeli ikarudi bila gurudumu.

Nimeificha. Kilimani, juu ya mti wa argani! Mbuzi wetu hupanda miti hiyo kula matunda, ila wamepigwa marufuku huko mpaka argani zivunwe, na kijiji kizima kinaheshimu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu ndefu.

Ijumaa, 13 Septemba

Baada ya sala mzee mmoja alisimama kutangaza jambo. Sikungoja. Kuskusi ya Mama haina subira, na binamu zangu huanza na nyama. Nimekula vizuri.

Alasiri nikaenda kuchukua suti. Mbuzi juu ya mti! Wamesimama matawini, wanatafuna. Suti yangu imebaki zipu na goti moja. Nikamfokea mchungaji, mzee Hmad. Akasema marufuku imeondolewa leo, imetangazwa msikitini, kwani mimi nilikuwa wapi? Nikamwambia mbuzi wake hawana adabu. Akajibu kwamba angalau wao wamefika kwa wakati.

Nimelia kidogo. Vumbi.

Jioni nikamwendea Bihi, nimekimeza kiburi. Kanipa suti yake nene bila hata kuombwa mara ya pili. Mjinga! Milimita tano ni zaidi ya mbili. Hesabu haidanganyi.

Jumamosi, 14 Septemba

Upepo wa jangwani umeamka kabla yetu. Mchanga unaunguza nyayo. Bihi kaja na kaptura kuukuu na fulana. Mimi nimevaa nene, na kofia yake juu. Akaniuliza kama naenda baharini au nahamia kwenye barafu. Wageni wakacheka. Nikawahurumia.

Kufika majini nilikuwa nimeshaiva. Jasho lilijaa miguuni, nikatembea nikilia chwa, chwa. Nikaanza kumwonyesha mama mmoja Mholanzi jinsi ya kusimama juu ya ubao. Baada ya hapo sikumbuki. Wanasema yeye ndiye aliyenilaza kifudifudi kwenye ubao wake na kunileta pwani. Ilikuwa mara yake ya kwanza baharini. Lalla Tuda akampigia makofi.

Kazi kapewa Bihi. Lalla Tuda akaninywesha maji, akasema, mwanangu, suti huchaguliwa kwa kuuliza bahari, si kwa kushindana na jirani. Nikaitikia ndiyo, Lalla. Nilikuwa natapika. Nadhani alinionea huruma, maana akaongeza kwamba Februari wageni huwa wengi, atahitaji mwalimu wa pili. Nijaribiwe tena. Mama kakubali kungoja, lakini baada ya hapo hakuna mjadala, ni Casablanca.

Jumapili, 15 Septemba

Nimejifunza. Adui yangu ni unene.

Yule Mholanzi anaondoka leo. Nimempa chupa ya mafuta ya argani ya Mama, naye kanipa suti yake ya milimita moja, haina mikono, inaishia mapajani. Nyepesi kama leso! Februari nitapaa. Bihi kaiona, akaniuliza mara mbili kama kweli ni ya Februari, kisha akaniombea kwa Mungu. Wivu huo.

Ilikuwa bado mbichi, nikaipeleka kuianika kilimani. Mti ule ule, ila tawi la juu zaidi. Mbuzi wale wameshaonja mpira, hawawezi kurudia.

Mama anaipiga pasi ile aproni. Sijui ataivaa nani.