Kikosi cha Majini cha Hillbrow

Ulimwengu unatangaziwa kwamba mwaka 2017, ghorofa moja la Hillbrow, mtaa wa jiji lisilo na pwani, mahali ambapo bahari huonekana kwenye kalenda tu, lilipata kikosi cha majini.

Mwenyekiti wa wapangaji, Papa Théodore, alikuwa ametazama filamu ya meli za kivita. Papo hapo akageuza chumba cha mabomba kuwa makao makuu. Akaweka humo kiti cha kuzunguka, akatia kufuli, na ufunguo akamtupia Célestine, msusi wa saluni ya ghorofa ya chini, kwa kuwa mkubwa habebi vitu.

Shida ya Célestine ilikuwa moja. Mabomba yalikuwa makavu, na saluni isiyo na maji ni viti tu.

“Président, uende Randburg kwa mwenye nyumba,” alimsihi. “Bateja wananikimbia na povu ku kichwa!”

“Maman, zamani meli ilitamba kwa mizinga. Siku hizi inatamba kwa ndege, na haitembei peke yake. Twende kikosi kizima.”

Yeye ndiye aliyekuwa meli ya kubeba ndege. Firmin, mlinzi wa mlangoni, akawa manowari ya kutangulia. Vénérand, fundi cherehani, akawa nyambizi, yaani afuate nyuma na asiseme neno. Pitchou, kijana wa ghorofani, akawa ndege ya kutumwa. Célestine akapandishwa cheo kuwa meli ya mahitaji: abebe sufuria ya pondu, yaani kisamvu.

Kituoni taxi ya kwanza ilikuwa na nafasi moja. “Kikosi hakigawanyiki!” akafoka Théodore. Ikaja nyingine, tupu kabisa. Ikaachwa pia, maana nyambizi ingelazimika kukaa mbele. Célestine akachoka. Iliyofuata akaipanda peke yake, na sufuria yake.

Huko Randburg karani wa mwenye nyumba, Mselem, Mtanzania, alishangaa. “Dada, fundi wetu kaja kwenu zaidi ya mara moja. Chumba cha mabomba kina kufuli, na bango: Makao Makuu, Hakuna Kuingia.”

Célestine akapapasa mkobani. Ufunguo ulikuwa chini ya vitana. Aliona aibu, akapandwa na hasira, mwisho akacheka. Akarudi na fundi kwenye bakkie yake, pikapu ya vifaa, wakakipita kikosi kituoni kingali kinajipanga.

Kikosi kiliporejea, kilikuta maji yamerudi, foleni ya ndoo bombani, na mteja ameketi juu ya kile kiti cha kuzunguka, kichwa kinasuuzwa.

“Nipisheni,” alisema Théodore.

“Eish, Président! Si ulisema manowari inatangulia?” akamjibu Célestine.

Firmin akatangulia. Pitchou akaruka mbele. Hata nyambizi ilikuwa imeshapita kimyakimya. Papa Théodore akasimama mwisho kabisa, na ndoo yake akaibeba mwenyewe.