Ua la Siku Moja

Wenzangu, leo nimeumbuka mbele ya mama mkwe. Nawaambia mwenyewe kabla hamjalisikia kisimani, maana kule limeshafika.

Lile ua langu la uani mnalijua. (Nimewachosha nalo msimu mzima.) Kwa asiyelijua: mimi ni fundi cherehani hapa Kisarawe, na miongoni mwa ninaowashonea yumo memsahibu, mke wa bwana wa barabara. Yeye ana mchezo wa kuchukua vumbi la ua hili akalipaka ua lile, kisha akaotesha mbegu aone kitatoka nini. Mmea ule alinipa ungali mchanga. Akanieleza kwamba maua ya jamii hiyo hufunguka asubuhi na kunyauka jioni ya siku hiyo hiyo, na kwamba huu wangu haujachanua bado, kwa hiyo rangi yake hakuna aijuaye duniani. Kazi yangu ilikuwa kuutazama unavyostahimili udongo wetu na jua letu bila kudekezwa. Ukiwa mzuri, atauzalisha. Ukiwa hovyo, utang'olewa.

Jamani, nimeulea. Nimeupa samadi ya mbuzi. Nimeuzungushia wigo wa fito. Nasimamisha cherehani, naenda kuuchungulia. Mke wangu Zaituni akasema hata yeye na mimba yake hakuchunguliwa hivyo. (Si kweli. Karibu si kweli.) Hatimaye likatoka bua, limenyooka kama askari, limejaa vitumba vinene vya kijani. Jana jioni kimoja kilianza kuachana ncha. Ndani sikuona kitu.

Basi leo nikaondoka giza halijaisha, kwenda kumwita memsahibu. Uani sikupita, maana ningeona nini gizani? Keshokutwa anapanda meli kwenda kwao, na ua lenyewe halingojei mtu. Nikamkuta anafunga masanduku. Nikamsubiri. Tulipofika kwangu jua lilikuwa utosini.

Sasa, jana hiyo hiyo mama mkwe alikuwa amewasili kutoka Ruvu kumwona mjukuu. Ni mkwe wa kuheshimika. Simtazami usoni. Akipita, mimi hutafuta kitu cha kuangalia chini.

Nikataka kumpeleka mgeni moja kwa moja uani. Zaituni akatoka na mkeka, akaninong'oneza kwamba mama yake ameamka alfajiri kumpikia mgeni wetu, chakula kimeshapakuliwa, na kukiacha kipoe ni kumtusi. Memsahibu akakubali kula kwanza. Mimi nikasema kwa kujiamini kwamba ua halina miguu.

Tukala barazani. Ubwabwa, samaki mkavu, na mboga ya nazi. Mboga ile, wallahi! Laini, ina utamu wa mbali, inateleza kidogo kama bamia lakini si bamia. Nikaongeza. Memsahibu akaongeza. Nikaona ni vizuri nimsifu mama mkwe na mgeni asikie, nikapaza sauti kuelekea jikoni kwamba sijapata kula mboga kama hii, bila shaka imetoka Ruvu.

Mama mkwe akajibu kutoka nyuma ya ukuta wa makuti, kwa upole kabisa.

"Ruvu wapi, baba. Si hizi zako za uani, ulizozizungushia wigo kuku wasile."

Tonge likasimama njiani.

Nikamtazama Zaituni. Kumbe asubuhi alikuwa kisimani zilipochumwa, naye alidhani zimekuja kwenye kikapu cha mama yake. Nikamtazama memsahibu. Kiswahili anakijua. Kijiko chake kilikuwa hewani.

Mtadhani nililia ua. La. Nilimkumbuka mbuzi wa jirani aliyekula maua ya bustani fulani akafa hajamaliza kutafuna. Nikamwona memsahibu amelala juu ya mkeka wangu, na mumewe anakuja na askari. Tumbo likaanza kuniuma hapo hapo. (Tumbo langu ni jepesi la kuamini.) Nikaruka kutoka barazani, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikatia vidole viwili kooni.

Nyuma ya nyumba ndiko jikoni.

Nilipoinua kichwa, mama mkwe alikuwa amesimama mbele yangu na upawa mkononi. Tangu nimwoe binti yake sijamtazama usoni. Leo nimemtazama, machozi yananitoka, na ubwabwa wake uko miguuni pangu.

"Chumvi imezidi, baba?"

Memsahibu akaja nyuma yangu taratibu, bado anatafuna. Akaeleza kwamba Uchina watu wanakula vitumba hivi tangu zamani, havina sumu hata kidogo. Kisha akasema, "Ungeniuliza kwanza, fundi."

Akaenda kwenye wigo. Bua limesimama tupu. Akalishika, akalikagua mpaka nchani. Hapo ndipo nililia ua kweli, maana msimu mzima wa kazi yetu sote wawili ulikuwa sufuriani. Halafu akageuka, akamwamkia mama mkwe shikamoo, akamuuliza kama kuna hata kimoja kilichokuwa kimefunguka.

Mama mkwe akaitikia marahaba, akauweka upawa chini.

"Kimoja. Rangi ya embe dodo lililoiva, na kooni wekundu. Linajaa kiganja. Niliona haya kulichuma, mwanangu. Nikalichuma la mwisho."

Memsahibu akavuta kigoda akakaa naye. Akauliza ncha zilijikunja au zilinyooka, wekundu ulifika wapi, umande ulikuwa umelilowesha au la. Mama mkwe alijibu yote, akionyesha kwa vidole. Wakaongea mpaka alasiri. Hukumu ikatoka kwamba mmea haung'olewi, na utaitwa Mwanahawa, jina la mama mkwe, kwa kuwa ndiye mtu pekee duniani aliyeliona ua lake. Mama mkwe naye akaomba chipukizi la kwenda kupanda Ruvu, upande wa mboga. Akakubaliwa. Mimi sikuulizwa. Nilikuwa nafukia ubwabwa ule kwa jembe.

Kesho nipo kwenye cherehani yangu kama kawaida. Leteni vitambaa vyenu, karibuni sana. Ila atakayeniuliza leo nilikula nini, suruali yake naishona miguu yote miwili ya kushoto.