Michembe Inapoa

Jamani, leo nimeaibika mbele ya mkoa. Si mtaa. Mkoa!

Sisi wakulima wa Dutwa tuliitwa Bariadi kwenye uzinduzi wa mkakati wa huduma za kidijitali. Mgeni rasmi alieleza vizuri: bei ya pamba itakuja kwenye simu, vibali tutaombea kwenye simu, wanunuzi tutawapata kwenye simu, na uchumi wa Simiyu utakua. Nilipiga makofi. (Mengine sikuyaelewa, ila makofi nilipiga.)

Kisha binti wa TEHAMA akapita kutusajili. Mimi nilikuwa wa mwisho. Akaishika simu yangu, akaguna.

"Mama, imejaa. Programu haiingii. Nifute hizi sauti za zamani?"

Nikamnyang'anya. Mimi huyu, namnyang'anya mtumishi wa serikali! Nikamwambia afute picha za mbuzi, zote, ila sauti asiguse.

Simu hiyo tulinunua na Baba Kulwa, mwaka ule pamba ilipokubali. Nikiwa shambani nilikuwa siusikii mlio wake. Yeye anapiga kutoka mnadani, mimi napalilia tu. Siku moja akasema, "Mlio husikii, lakini mimi nikikuita hujawahi kukosa kusikia." Akajirekodi, akaiweka sauti yake iwe ndiyo mlio. Alicheka peke yake mpaka akakohoa.

Basi, mbuzi wakafutwa, programu ikaingia. Nikatulia. Kumbe!

"Sasa mfumo umpigie mkulima mmoja, tusikie," mgeni rasmi akasema. Ikaita simu ya nani? Yangu, ndani ya mkoba, sauti hadi mwisho:

"Mama Kulwa weee! Acha maneno mengi, njoo, michembe inapoa!"

Nikaitika. Jamani, nikaitika! "Abee, nakuja!" Nikasimama kama siku zote za kuitwa kwenye viazi vyetu vikavu vya kuchemsha, nikakaza kanga, mkoba nikauacha kitini, nikaanza kutoka. Akili ilinirudia nikiwa karibu na mlango.

"Mama, unakwenda wapi?" mgeni rasmi akauliza kwenye kipaza sauti.

"Naitwa, mheshimiwa."

"Na nani?"

"Na mume wangu."

Ukumbi ukaangua kicheko. "Basi mwambie aingie, naye tumsajili!"

Ningeweza kunyamaza. Lakini kudanganya sijui. "Hawezi, mheshimiwa. Tulimzika masika."

Mheshimiwa akavua miwani. Na mfumo nao haujakata simu! Kule kitini mkoba ukapaza tena: "Acha maneno mengi, njoo, michembe inapoa!"

Aliyeanza kucheka ni Mama Limbu, jirani yangu aliyenisaidia kupika siku za msiba. Nikacheka na mimi, na machozi yakaja, sijui yalikuwa ya lipi. Mwisho hata mheshimiwa akacheka. "Mzee kasema kweli," akasema, "nimeongea mno." Akafunga mkutano.

Nimesharudi nyumbani. Nimesajiliwa. Michembe nimechemsha, maana nilishaitika.

Msinicheke sana. Na mkinipigia, msikate haraka. Huwa namsikiliza yeye kwanza, ndipo napokea.