Respicius wa Mkonze na Mgeni Asiyeaga

Tegeni masikio, enyi wakazi wa nyanda za kati, mlioko Msalato na mlioko Mkonze, nanyi makarani mliohamishiwa Dodoma mkaambiwa nyumba zinakuja. Wekeni vikombe chini, nyamazisheni redio, kwa maana nawasimulia vita ambavyo waandishi wa tarehe wameviruka kwa uzembe wao, vita vilivyopiganwa juu ya mkeka, mbele ya televisheni ndogo yenye antena ya waya, katika miaka ile ya soko huria ambapo bidhaa za Dubai zilitufikia hata sisi watu wa vumbi.

Shujaa wetu ni Respicius, bwana wa mihuri, mlinzi wa mafaili ya wizara, mwenye vidole gumba visivyotetereka. Aliishi na mkewe Yasinta katika chumba kimoja cha kupanga, wakisubiri nyumba ya serikali waliyoahidiwa kabla binti yao Cecilia hajaanza shule, na sasa Cecilia yuko bweni, anakaribia kumaliza sekondari. Basi ndugu yake alipomletea mashine ya gemu, pamoja na gemu lile la maisha ambamo mtu unamjengea nyumba, unamlisha, unamlaza na kumpeleka kazini, Respicius alikula kiapo kwamba nyumba aliyonyimwa duniani ataipata kwenye kioo.

Akaijenga. Jiko jekundu alilichagua Yasinta, na chumba cha Cecilia kikapewa dirisha la kutazama miti. Ndani yake wakamweka mtu wa gemu waliyemwita Karani, kiumbe ambaye akikuta kiti kimekaa vibaya husimama mbele yake akalia, kwa kuwa kukizunguka hakujui, na ambaye haja ikimbana hujikojolea sebuleni huku choo kiko wazi nyuma yake. Hayo yote waliyavumilia. Walichoshindwa kuvumilia ni Mwenye Tai.

Mwenye Tai alikuwa jirani wa Karani humo kwenye gemu, mtu wa tai ya kijani, aliyeingia kila jioni, akaketi, akala, asiage. Na sheria ya gemu ilikuwa hii, katili kuliko amri ya mkuu wa idara: kazi yako haihifadhiwi kwenye memori kadi mgeni angali ndani. Maji ya bwawa la Mtera yalikuwa yameshuka mwaka ule, mgao wa umeme ukatamalaki, na zamu ya Mkonze kukatiwa ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Kila jioni umeme ulikatika Mwenye Tai angali kitini, na jiko jekundu likafutika, na kesho yake wakaanza msingi upya.

Siku ya vita alikuwepo shahidi. Abubakari, mtu wa Kondoa, mwenye duka la diski kule Majengo, alikuwa amekuja tangu alasiri kuwatembelea, na chupa ya chai ilikuwa imeshainamishwa mara nyingi mbele yake.

"Mzee," alisema, "kwenye diski yako hii kuna kumfukuza mgeni tu. Kumuaga kwa heshima, mkapeana mkono, iko kwenye diski ya nyongeza ya nne. Iko njiani, inatoka Dar."

Respicius aliishusha padi ya kuchezea gemu kama ashushavyo bunduki askari aliyesalitiwa. "Abubakari, sikiliza maneno yangu. Nilinunua nyongeza ya samani, nikapata makochi yanayoziba njia. Nikanunua ya mbwa, mbwa akalala mlangoni, Karani akachelewa kazini. Nikanunua ya sherehe, ndiyo iliyotuletea huyu mwenye tai. Leo unaniambia na adabu nayo inauzwa kivyake?"

"Ndivyo walivyoitengeneza wenyewe, mzee," alisema Abubakari, akamega andazi.

"Baba Cecilia," alisema Yasinta, "mfukuze tu. Saa inakwenda."

Hapo shujaa alisimama wima. "Mama Cecilia, baba yangu alilala chini ili wageni walale kitandani. Mimi nianze leo kumsukuma mtu begani, tena nyumbani kwangu? Jiko ni lako, lakini mkono ni wangu, na kazi hiyo haujawahi kuifanya."

Yasinta hakucheka. Aliipenda nyumba ile na aliona haya kuipenda, maana hakuna mtu mzima anayepaswa kuumia kwa ajili ya jiko asiloweza kupikia, lakini kila umeme ulipokatika aliumia kweli. Alitazama saa, akamtazama Mwenye Tai, akafikiri.

"Basi tumsindikize," alisema. "Mtoe nje Karani, msimamishe barabarani. Mwenyeji akishatangulia nje, mgeni anabaki ndani kufanya nini?"

Lo, vidole gumba vikanguruma. Karani akainuka kitini akilalamika haja, akamkuta mbwa mlangoni, akarudishwa nyuma kwa ustadi, akapitishwa jikoni, akatokezea barabarani penye pipa la taka. Mwenye Tai akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona nyumba imepoa. Akainuka. Akatoka. Wakapiga soga za barabarani, ambazo huwa ndefu kuliko za ndani, kisha akapunga mkono, akaenda zake.

Respicius akabonyeza. Mstari wa kuhifadhi ukatambaa. Taa ikafifia, Yasinta akashika mkono wa mumewe, na mstari ukafika mwisho, neno la ushindi likatokea, ndipo Mkonze yote ikazimika. Ni kweli kwamba Karani alihifadhiwa akiwa amejikojolea. Jiko, hata hivyo, lilikuwa salama.

Yasinta alifuta macho kwa ncha ya khanga, akacheka. Kisha wakakumbuka. Chai ilikuwa imekwisha, maharage jikoni yalikuwa ya watu wawili, na Abubakari alikuwa amejiegemeza ukutani.

"Umeme ukikatika ndipo mazungumzo yananoga," alisema.

Mume alimtazama mke. Mke alimtazama mume. Respicius akavaa ndala zake polepole, kwa utulivu wa jemadari.

"Hebu nitazame hali ya hewa," alisema, akatoka, akasimama barabarani.

Abubakari alitazama kushoto, akatazama kulia. Akachukua kofia yake. "Shemeji, asante kwa chai," alisema, akafuata. Wakapiga soga za mahindi ya Kondoa hadi kwenye kona, wakapeana mikono, akaenda zake.

Respicius aliporudi, Yasinta alikuwa amewasha mshumaa na kupakua maharage.

"Ameaga?"

"Ameaga mwenyewe."

Basi yachongwe haya mahali ambapo mvua haifiki: kwamba jioni ile kule Mkonze waliondoka wageni wawili, hakufukuzwa hata mmoja, na nyumba zote mbili zikabaki na wenyewe.